Chai ya Saa Tisa Jijini London

Akina mama wenzetu, wengi wetu tukisikia neno chai hatufikirii safari. Tunafikiria sufuria, majani ya pakiti, sukari iliyopanda bei na watoto wanaochelewa shule. Nasi tulikuwa hivyo hivyo mpaka Julai 2024, tulipoalikwa London kwenye harusi ya binti wa wifi yetu. Siku ya tatu baada ya harusi wifi akatuambia tujiandae, tuvae vizuri, maana anatupeleka kunywa chai.

"Chai si iko hapa ndani?" tukamwuliza.

"Si chai hii, mawifi zangu. Nimeweka nafasi tangu mwezi wa tano."

Tukatazamana. Kwetu mtu huweka nafasi kwenye basi, au hospitali kwa daktari bingwa. Chai hunywewa ikiwepo.

Tunaosimulia haya tu wawili, tulioolewa na ndugu wa tumbo moja huko Tanga. Mmoja ni mwalimu mstaafu, mke wa kaka mkubwa; mwingine, ambaye ndiye aliyeshika kalamu, ni muuguzi. Wifi ni dada wa waume zetu, kitinda mimba wa Mama. Yuko Uingereza tangu mwaka 2003, na kazi yake ni kuhudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Kaka zake hawakuja harusini. Kaka mkubwa alikwisha kusema kwamba mtu ambaye hakuja kumzika mama yake asimwite yeye kuja kumwozeshea mtoto, na mdogo wake akanyamaza, kama kawaida yake. Mama mkwe wetu alifariki Novemba 2011. Sisi tulikwenda kwa sababu binti hana kosa, na tuseme ukweli, tulitamani kuiona London. Lakini mizigo tuliyobeba haikuwa vitenge na dagaa peke yake.

Wifi anakaa Wembley, jina ambalo watoto wetu wanalijua kwa sababu ya uwanja wa mpira. Sisi tuliupita uwanja tukaenda Ealing Road, mtaa ambao ungedhani umeingia sokoni kwa Wahindi. Kuna maduka ya sari, maduka ya dhahabu, na mafungu ya bamia, mabiringani, maembe na mihogo nje ya milango. Muhogo wa kukaanga wenye pilipili unauzwa katika migahawa ya Kihindi ya London kwa jina la "mogo". Neno hilo ni letu. Lilisafiri na Waasia waliotoka Afrika Mashariki. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na zaidi ya 27,000 wakapokelewa Uingereza. Wengine walitoka Kenya na kwetu Tanzania kabla na baada ya hapo. Walikuja bila mali, lakini midomo yao ilikumbuka muhogo. Mzee mmoja muuza viungo alipotusikia tukibishana juu ya iliki alituambia kwa Kiswahili, "Mama, chukua ya chini, ya juu imekaa sana." Tulicheka mpaka tukanunua nusu kilo, ambayo hatukuihitaji.

Alasiri ile tulipanda treni ya chini ya ardhi kutoka Wembley Park, njia ya Jubilee, tukashuka Green Park bila kubadilisha treni. Wifi alikuwa ametusihi tuvae vitenge vyetu vya harusi. Ukitoka kituoni unakutana na mtaa wa Piccadilly, mabasi mekundu, na upande wa pili bustani kubwa ya miti mitupu bila maua mengi, watu wamelala kwenye nyasi kama hawana makwao. Tukaingia mitaa ya Mayfair, ambako nyumba ni za matofali na mawe, madirisha yanang'aa, na kila duka lina mlinzi aliyevaa suti kuliko bwana harusi wetu.

Jina la mgahawa tunaliacha, maana hatuandiki tangazo. Ni mgahawa wa Kihindi wa daraja la juu. Ndani kulikuwa na mwanga wa taa za shaba, picha za zamani za maharaja ukutani, viti vya mahameli ya kijani na vitambaa vya meza vilivyopigwa pasi hadi vikasimama. Hakuna harufu ya mafuta ya kukaangia. Kijana mmoja wa Kihindi mwenye tai akatuvutia viti, mmoja baada ya mwingine, na mwalimu, ambaye hajawahi kuvutiwa kiti tangu azaliwe, akakaa kabla hakijasogea vizuri, nusura aanguke.

Jambo la kwanza kijana aliloliuliza lilitufurahisha, hasa muuguzi: je, kuna mmoja wetu anayedhurika na karanga, korosho, maziwa, mayai au ngano? Aliandika majibu. Tukataja kisukari cha mwalimu, naye akasema chai yote huletwa bila sukari, kila mtu anajitilia. Tunawaambia akina mama wenzetu wanaopika kwenye sherehe za usharika: swali hilo halina gharama, na tumewahi kumwona mtoto akivimba koo kwa kashata.

Wakati tukingoja wifi alitueleza habari za desturi hii, na mengine tulikwisha kuyasoma kabla. Waingereza wanaiita chai ya alasiri. Inasimuliwa kwamba iliingia mtindo miaka ya 1840 kwa mama mmoja mkubwa, Anna, mke wa Duke wa Bedford, rafiki wa Malkia Victoria. Siku hizo matajiri walikula mchana kidogo na chakula cha usiku kikachelewa hadi saa mbili au saa tatu. Mama huyo aliona tumbo linamwangusha katikati, akaanza kuletewa chai, mkate na siagi chumbani, kisha akaanza kuwaita marafiki. Hapo unaona kwamba hata desturi za wakubwa huanza kwa njaa tu.

Lakini majani yenyewe hayakuwa ya Kiingereza. Mwanzo yalitoka China. Mwaka 1662 Mfalme Charles wa Pili alimwoa Catherine, binti wa mfalme wa Ureno, aliyekuwa akinywa chai kwao, na wanawake wa jumba la kifalme wakamwiga. Mahari ya binti huyo ilikuwa na mambo mengi, mojawapo ni mji wa Bombay, unaoitwa sasa Mumbai. Basi bibi harusi mmoja alikuja na kikombe mkono mmoja na mlango wa India mkono wa pili. Mwalimu alilipenda sana hilo. Amelirudia kwa kila mtu tangu turudi.

Baadaye Waingereza walikuta mti wa chai unamea wenyewe Assam, kaskazini mashariki mwa India, ambako wenyeji walikuwa wakiutumia tangu zamani. Mwaka 1839 chai ya Assam ikauzwa kwa mnada London kwa mara ya kwanza. Darjeeling, kwenye milima, mbegu zilipandwa miaka ya 1840 na daktari, Archibald Campbell. Tulifurahi kusikia daktari ana mkono katika jambo zuri. Wahindi wengi wenyewe walikuwa hawanywi chai kila siku. Ni mwanzoni mwa karne ya 20 wenye mashamba walipoanza kuitembeza mitaani na kwenye vituo vya reli ili wapate wanunuzi wa nyumbani. Wachuuzi wakaona majani ni ghali. Wakayapunguza, wakaongeza maziwa, sukari, tangawizi, iliki na pilipili manga. Wenye mashamba hawakupenda, maana majani yalitumika machache. Hiyo ndiyo chai ya masala ambayo leo inauzwa Mayfair kama kitu cha kifalme.

Na sisi watu wa pwani tuliipata kwa Wahindi. Neno letu lenyewe, chai, ndilo lao. Kijana alipokuwa akipanga vikombe alitusikia tukisema sambusa, chapati, achari, kachumbari, bajia, akasimama. "Samahanini, akina mama, mnazungumza lugha gani?" Wifi akamwambia, kisha tukaanza kumhesabia: duka, pesa, gari, bima, laki. Kila neno alilitambua. Alikwenda kumwita mwenzake aje asikie.

Mpaka hapo tulikuwa tukicheka. Kisha kijana akatuletea kadi ya vyakula, nasi tukaona bei: pauni 48 kwa kila mtu, na chini yake, kwa maandishi madogo, asilimia kumi na mbili na nusu ya huduma. Tulipiga hesabu vichwani. Kwa watu watatu ni pauni 162, yaani zaidi ya nusu milioni za Tanzania. Kwa chai. Mwalimu aliifunga kadi polepole, akaiweka mezani, akasema kwa sauti yake ya darasani:

"Mtu anayeweza kulipa chai hii, nauli ya kumzika mama yake ndiyo ilimshinda?"

Tulitamani ardhi ipasuke. Neno hilo lilikuwa ndani ya nyumba yetu kwa miaka kumi na mitatu, tukilizungukia kama watu wanavyozunguka shimo la choo lililoachwa wazi. Limesemwa, na limesemwa kwenye kitambaa cheupe, mbele ya maharaja.

Wifi hakukasirika. Alikunja kitambaa chake cha mikono, akakikunjua. "Ndiyo sababu nimewaleta hapa," akasema. "Nyumbani kuna watoto. Na hapa siwezi kulia kwa sauti."

Chakula kikaja wakati huo huo. Waandaaji wa mambo haya hawajui majonzi ya watu. Kilikuja kinara cha shaba chenye sahani tatu, moja juu ya nyingine. Kijana akatueleza kwamba huanza chini na kupanda juu: vyenye chumvi, kisha skonzi, kisha vitamu. Tukainamisha vichwa tukaombea chakula kimya kimya, naye akasimama kando mikono nyuma mpaka tulipomaliza. Adabu hiyo hatutaisahau.

Sahani ya chini ilikuwa na sambusa ndogo, kila moja kama kidole gumba. Tanga sambusa moja ingezaa nne za namna hiyo. Lakini ganda lake lilikuwa jembamba, limekauka vizuri, na ndani mna njegere na bizari nzima. Kulikuwa na mikate ya kukata iliyoondolewa kingo, imepakwa chatini ya majani ya giligilani na nanaa. Vipande vya dhokla, yaani mkate wa unga wa dengu uliopikwa kwa mvuke, laini kama sponji, umenyunyiziwa haradali iliyokaangwa. Na puri za mviringo zilizo tupu ndani, unazijaza maji ya ukwaju na kutia kinywani mara moja kabla hazijakumwagikia. Kitenge cha muuguzi bado kina alama.

Wifi hakula. Alisimulia, na tunaandika kwa ruhusa yake.

Alipokwenda Uingereza mwaka 2003 na mtoto wa miaka minne alikwenda kwa viza ya masomo. Masomo yalikwisha, ndoa ikavunjika, akaomba aruhusiwe kuendelea kukaa. Maombi yakangoja. Pasi yake ilikuwa imepelekwa pamoja na maombi, na sheria ni kwamba ukitoka nje ya nchi kabla ya jibu, maombi yanahesabiwa umeyaondoa mwenyewe. Mama alipofariki binti alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko shuleni. Angekuja kuzika, asingeweza kurudi kwa mtoto. Angekuja naye, angemtoa katika maisha pekee aliyoyajua. Jibu alilipata mwaka 2014, na mwaka 2015 ndipo alipokuja nyumbani, akaenda kaburini, akarudi, na sisi tulimpikia pilau na kumwangalia.

"Kwa nini hukusema?" tukamwuliza. "Ulituambia hukupewa ruhusa kazini."

"Mwaka ule nilioondoka nilimwambia Mama kila kitu kiko sawa. Baadaye sikuwa na pa kuanzia. Mama akijua angelala? Akafa hajui. Na ninyi mngeniamini?"

Hatukujibu, kwa sababu tusingemwamini.

Akasema siku ya maziko alikuwa kazini, akimwogesha bibi mmoja wa Kiingereza mwenye umri wa Mama. Alipomaliza kumvika alitoka kwenye varanda akapiga simu ya kaka mkubwa, asikie tu wimbo. Simu ilipokelewa, akasikia watu wanaimba, kisha ikakatwa. Akapiga tena. Ikawa imezimwa. Amekaa miaka yote hiyo na kaka aliyemzimia simu makaburini.

Hapo mwalimu akaweka kikombe chini. Sisi wawili tumeishi nyumba zinazotazamana kwa miaka ishirini na minane, tumeugua pamoja na kuzaa kwa kupishana, na jambo hili mmoja wetu alikuwa halijui.

"Kaka yako hakuizima," akasema mwalimu. "Aliniuliza, ni mdogo wangu, nifanye nini? Mimi ndiye niliyesema azime kabisa."

Ukimya ukakaa mezani pamoja nasi. Jirani zetu, mama mzee na wajukuu wake, walikuwa wakipiga picha kinara chao.

Wifi akacheka, kicheko kifupi kisicho cha furaha. Kisha akanyosha mkono, akachukua sambusa moja, akaigawa mara mbili, kubwa akamwekea mwalimu kwenye sahani. Hakuna aliyesema samahani pale. Lilisemwa baadaye, jikoni Wembley, na halituhusu kuliandika.

Sasa tuwaelezee skonzi. Hizi si skonzi za kwetu za hamira. Hazina hamira, zimeumuliwa kwa baking'i pauda, nzito kidogo, huliwa moto. Za pale zilitiwa iliki na zabibu kavu, zikaletwa na jamu ya embe na malai mazito. Waingereza wana ugomvi wao: watu wa Devon hupaka malai kwanza, jamu juu, watu wa Cornwall jamu kwanza. Kijana wetu alisema kwao Kolkata hawana upande. Mwalimu alikula nusu. Asubuhi ile tulikuwa tumempima sukari na ilikuwa nzuri, tukakubaliana kabisa: nusu skonzi, kitamu kimoja, chai bila sukari, kisha tutembee. Tunalisema hili kwa sababu akina mama wengi wenye kisukari ama hujinyima sherehe zote wakaishi kwa huzuni, ama hula vyote na kusema leo ni leo. Njia ya katikati ipo, inataka kupanga kabla hujakiona chakula.

Chai zilikuwa za aina nyingi. Tulionja Darjeeling, nyepesi, ya rangi ya mkojo wa mtu mwenye afya (muuguzi haachi kazi yake), yenye harufu ya maua. Hiyo haitiwi maziwa. Assam ni nzito, nyekundu, hiyo ndiyo ya maziwa. Kisha birika la tatu, la fedha, chai ya masala iliyopikwa pamoja na maziwa. Ilikuwa nzuri lakini ya adabu mno, kama mkwe mpya. Wifi akamwita kijana, akamwuliza kama jikoni wanaweza kutwanga tangawizi zaidi na kuichemsha upya. Alirudi baada ya dakika kumi, na safari hii mvuke wake ulitufikia kabla ya birika.

Hatukuhitaji kuambiana ni chai ya nani. Mama mkwe wetu, miaka ya 1960, alikuwa mfanyakazi wa jikoni katika nyumba moja ya Kihindi mjini Tanga. Huko ndiko alikojifunza chapati za kukunja, sambusa na chai: maji na tangawizi kwanza, majani baadaye, maziwa mwisho, na iachwe ipande mara tatu. Alitufundisha sisi wote wawili tulipoolewa, kwa ukali. Bibi wa nyumba ile alimpenda kwa namna yake. Alimpa cherehani siku ya ndoa, na cherehani hiyo ndiyo iliyowasomesha waume zetu. Lakini kikombe cha Mama kilikuwa cha bati, kikining'inia kwenye msumari nje ya mlango wa jikoni, na hakikuoshwa pamoja na vingine. Alituhadithia mara moja tu, bila chuki, kama mtu anayeeleza mvua ilinyesha upande gani.

"Ningemleta yeye," wifi akasema. "Nilipita hapa siku moja mwaka 2016, nimetoka kazini, nikasoma kadi ile pale dirishani. Nikasema, Mama angeketi pale kwenye kona." Hakuendelea. Tulikuwa tumeketi kwenye kona.

Kisha akauliza swali ambalo nadhani ndilo alilokuwa amelitunzia nafasi tangu mwezi wa tano. Mama alikula nini mwisho?

Ilikuwa zamu ya muuguzi. Mama alipata kiharusi siku ya Jumatano. Kumeza kukawa hakupo, na mgonjwa wa namna hiyo ukimnywesha, maji yanakwenda kwenye mapafu. Tuliwakatalia ndugu wote waliokuja na uji na vijiko. Jumamosi jioni alionyesha kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki, akauzungusha hewani kama anayekoroga. Tulijua. Mwalimu alikwenda kupika chai kwa njia yake, mara tatu ipande, na muuguzi akachovya pamba, akaikamua, akampangusa midomo na ulimi. Alinyonya midomo. Akafumba macho, akaonyesha tena. Tulimpangusa mpaka kikombe kikapoa. Alifariki kabla ya jogoo wa kwanza.

"Na tangawizi?" wifi akauliza.

"Nyingi," akasema mwalimu. "Ningethubutu kuipunguza?"

Sahani ya juu ilikuwa na gulab jamun, zinazofanana na kalimati zetu ila hutengenezwa kwa maziwa yaliyokaushwa, zimelowa shira ya waridi. Barfi ya pistachio. Na vikapu vidogo vya unga vyenye haluwa ya karoti. Ni tamu, tamu kupita kiasi. Tulishindwa kuvimaliza, nasi tukaona aibu kuviacha, kwa bei ile! Kijana akatuokoa: alivipanga ndani ya kisanduku cha karatasi, akakifunga utepe. Kwa hiyo akina mama, kubeba mabaki si ushamba, hata Mayfair wanabeba.

Wifi alilipa. Tulijaribu kutoa chetu, akatukatalia. Kuanzia mwezi wa tano alikuwa ameongeza zamu moja ya usiku kila wiki mbili. Tulilijua hilo kutoka kwa binti yake, si kwake.

Tulitembea kama tulivyoahidiana, tukakata bustani ya Green Park mpaka kwenye uzio wa jumba la Buckingham. Tuseme kweli, kutoka nje linafanana na ofisi kubwa ya serikali. Mwalimu alisimama kwenye lango, viatu mkononi, akala barfi moja isiyokuwemo kwenye makubaliano. Muuguzi akatazama pembeni.

Wifi alitupa kopo la chai ya Assam tumpelekee kaka mkubwa. Hatukujua kama atalipokea. Tulifika Tanga Jumapili jioni, na baada ya salamu na habari za harusi mwalimu aliwatoa watoto nje, akamwambia mumewe yote, pamoja na sehemu yake mwenyewe. Alikaa kimya muda mrefu sana. Kisha akalifungua kopo, akanusa, akasema hayana tangawizi haya. Akainuka, yeye ambaye hatujamwona jikoni tangu harusi yake, akabandika sufuria. Alisimama akiitazama ipande mara ya kwanza, akaishusha, akairudisha.

"Huko kwao," akauliza bila kugeuka, "sasa ni saa ngapi?"